Goti Linyooke Kumpendeza Nani?

Mgonjwa aliyebadilishwa goti akirudi nyumbani, jamaa hawaulizi kwanza habari za maumivu. Wanatazama mguu. Kama alikuwa na matege na sasa hana, basi Tandika nzima, huku Dar, itapita kumwona: "Kanyooka, Mungu mkubwa!" Wanamsifu daktari, wanamsifu mtoto aliyelipa bili, soda zinaletwa. Kama mama mwenyewe anaweza kushuka ngazi za kituo cha mabasi ya mwendokasi bila kushikwa mkono, hilo litaulizwa baadaye, pengine lisiulizwe kabisa.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na wagonjwa hawa hunifikia sifa zikiwa zimeshapoa. Wengi wanaendelea vizuri sana, mpaka wanasahau goti lipi lina chuma. Lakini wapo ambao picha yao ya eksirei ungeweza kuitundika ukutani, kidonda kimefunga, hakuna maambukizi, goti linakunja nyuzi 110 za pembe (digrii), na bado hawana raha nalo. Mama mmoja muuza vitenge wa Kariakoo, nikiwa nimemshika kisigino nampindisha, alinitazama akasema: "Mwanangu, hebu niambie, huu mguu umenyooka kumpendeza nani?"

Alikuwa na tege tangu usichana. Dada zake wanalo, marehemu mama yao alikuwa nalo. Maumivu ya zamani yaliondoka, hilo alikiri bila kuulizwa mara mbili. Tatizo lake lilikuwa kwamba kila akikanyaga, uzito unaangukia mahali asipopajua, na upande wa ndani wa goti unavuta. Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia tu avumilie miezi michache misuli ikae sawa, jambo ambalo ni kweli lakini halijibu alichouliza. Swali lake ndilo linalowagombanisha mabingwa wa magoti duniani kwa miaka mingi sasa.

Ili ugomvi ueleweke, tuanze na mguu wenyewe. Chukua picha ndefu ya eksirei, ile inayoonyesha mtu aliyesimama kuanzia nyonga hadi kifundo. Weka nukta katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, mle nyongani. Weka nukta ya pili katikati ya kifundo. Vuta mstari. Hiyo ndiyo timazi ya mguu, sawasawa na uzi anaouteremsha fundi mwashi kupima kama ukuta umesimama. Ukipita katikati ya goti, mguu unahesabiwa umenyooka. Goti likiwa nje ya uzi, ni tege. Likiwa ndani, ni yale magoti yanayogongana mtu akitembea.

Sasa, mfupa wa paja haufuati uzi huo. Unatoka nyongani kwa nje na kushuka kwa mshazari, ukiachana na uzi kwa nyuzi 5 hadi 7 hivi. Kwa hiyo vifaa vya kawaida vya thieta vina fimbo ya chuma inayopenyezwa ndani ya mfupa wa paja kwa chini, kisha daktari anachagua nyuzi 5, 6 au 7 za kufidia mshazari huo kabla hajakata. Anachagua kwa picha aliyonayo. Akiwa na picha fupi ya goti peke yake, hana nyonga wala kifundo cha kupimia, na hapo anategemea wastani wa watu wengine.

Jambo la pili ndilo lililozaa ugomvi. Hata kwa mtu ambaye uzi unapita katikati kabisa, uso wa kiungo chenyewe kwa kawaida haukai mraba na uzi, yaani haufanyi nao pembe ya nyuzi 90. Juu ya muundi, mfupa wa mguu ulio chini ya goti, pameinamia ndani kwa takriban nyuzi 3, na ncha ya paja inafidia upande wa pili kwa karibu kiasi hicho. Goti lina mwinamo wake wa kuzaliwa. Halafu kuna wale ambao hata uzi haupiti katikati. Mwaka 2012 Johan Bellemans na wenzake wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya vijana 250 wa miaka 20 hadi 27 wasio na tatizo la goti. Asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake walikuwa na tege la nyuzi 3 au zaidi. Vijana wazima, wanaokimbia na kucheza mpira. Tege ndiyo hali yao tangu walipomaliza kukua.

Rudi sasa thieta. Mbinu iliyotawala tangu goti bandia la kisasa lianze, ile ya kimekanika, haiulizi ulizaliwaje. Inakata muundi mraba na uzi, inakata paja mraba na uzi, na wote mnatoka na mguu wa aina moja. Si kwamba waliobuni, watu kama John Insall wa New York na Michael Freeman wa London, hawakujua kwamba binadamu hawafanani. Walikuwa na shida nyingine kichwani. Miaka ya 1970 magoti bandia yalikuwa yanalegea na kung'oka, plastiki inalika, saruji ya mifupa inaachia. Ukigawa uzito sawasawa pande mbili, kifaa kinadumu. Na vifaa vya kukatia vya wakati ule vilikuwa na makosa ya nyuzi kadhaa huku na huku, kwa hiyo ilikuwa busara kulenga katikati ili hata ukikosea usikosee mbali. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 1991, wa magoti 115, uliwapa nguvu: yaliyowekwa ndani ya nyuzi 3 kutoka katikati, asilimia 3 tu yalilegea; yaliyotoka nje ya hapo, asilimia 24. Namba kama hizo ukiwaonyesha wanafunzi wa udaktari, hakuna atakayenyoosha mkono kubisha. Nyuzi 3 zikawa sheria kwa miaka mingi.

Sheria hiyo ina gharama, na gharama inalipwa na kano, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa. Muundi ulioinamia ndani nyuzi 3 ukiukata mraba, unaondoa mfupa mwingi zaidi upande wa nje kuliko wa ndani. Nafasi ya kiungo inakuwa haina ulinganifu. Ili kusawazisha goti likikunjwa, kipande cha chuma cha paja kinazungushwa kwenda nje, mara nyingi nyuzi 3. Kama mgonjwa alikuwa na tege la asili, kano ya upande wa ndani ni fupi kuliko mguu mpya unavyotaka, basi daktari anaichokoa na kuilegeza mpaka ikubali. Ndipo mama yangu wa vitenge anapolalamika kwamba upande wa ndani unavuta. Tishu ile haijawahi kukaa kwenye urefu huo tangu azaliwe.

Miaka ya 1980 David Hungerford na Kenneth Krackow wa Marekani walipendekeza kwamba tuuheshimu mwinamo wa asili, muundi uachwe na nyuzi zake 3 na paja lifidie. Wazo zuri, ila kwa vifaa vya wakati ule, aliyelenga nyuzi 3 angeweza kujikuta kwenye 6. Wengi wakaogopa, na mimi siwalaumu.

Kisha akaja Stephen Howell wa Sacramento, California, ambaye kuanzia 2006 alianza kuweka magoti kwa kile kinachoitwa mpangilio wa kikinematiki. Falsafa yake ni fupi: ondoa mfupa na gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa) kwa unene uleule wa chuma unachorudisha, basi. Usinyooshe wala usiguse kano. Mguu utarudi ulivyokuwa kabla goti halijasagika, kama ulikuwa na tege utakuwa na tege.

Hapa panavutia, na ni sehemu ninayowaeleza wagonjwa nikiwa na vipande vya plastiki mezani. Howell mwanzoni alitumia vikatio vilivyochongwa kwa picha za kila mgonjwa, baadaye akavitupa na kushika kalipa, kile kipimo cha mkono kilichopo hata karakana za mtaa wa Gerezani. Tuseme chuma cha paja kina unene wa milimita 9. Msumeno wenyewe ukipita unakula milimita 1 ya mfupa, inaondoka kama unga. Kwa hiyo upande ambao gegedu bado ipo nzima, kipande kinachodondoka lazima kisome milimita 8. Upande uliosagika mpaka mfupani, gegedu ya takriban milimita 2 imeshakwenda na miaka, basi kipande kisome 6. Daktari anakiokota kipande chenye damu, anakibana na kalipa, anasoma. Kama kimesoma 7 badala ya 8, bado ana nafasi ya kurekebisha kabla chuma hakijaingia. Lengo ni kutopotoka zaidi ya nusu milimita. Kipimo hicho hakihitaji umeme. Hakuna leseni ya programu ya kulipia kila mwaka.

Nilipoelewa hesabu hiyo nilijiuliza kwa nini watu wasifanye hivyo kote. Majibu yapo mawili, na yote ya haki.

Kwanza, matokeo. Mwaka 2014 Kent Dossett na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio lililopanga wagonjwa kwa bahati nasibu, na baada ya miaka miwili waliowekewa kwa mbinu ya kikinematiki walikuwa na nafuu zaidi ya maumivu na kukunja kuzuri zaidi. Mashabiki wakashangilia. Mwaka 2017 kundi la Simon Young wa New Zealand likafanya jaribio lake, miaka miwili vilevile, na tofauti haikuonekana. Ukisoma majaribio yaliyofuata utakutana na hali hiyohiyo: mengine yanaipa mbinu mpya ushindi mdogo, mengine sare. Sijakutana na lililoonyesha kwamba mbinu ya zamani inashinda kwa raha ya mgonjwa, jambo ambalo nalo lina maana yake.

Pili, hofu ya kudumu. Hapa sheria ya nyuzi 3 ilipata pigo mwaka 2010, hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani ilipochapisha ufuatiliaji wa magoti 398 hadi miaka 15 na kukuta yaliyonyooka ndani ya nyuzi 3 hayakudumu zaidi ya yaliyotoka nje. Ila msishangilie haraka. Kuwa na tege kidogo kwa mguu mzima ni tofauti na kuweka bamba la muundi, kile kipande cha goti bandia kinachokaa juu ya mfupa huo, limeinama sana. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba bamba likiinama zaidi ya nyuzi 3 kwenda ndani, hasa kwa mtu mzito, uwezekano wa kulegea unapanda. Wagonjwa wangu wa Dar wengi ni wazito. Sisemi kwa kejeli, nasema kwa mizani.

Ndiyo maana mimi naegemea kambi ya kati, ile ya Pascal-André Vendittoli wa Montreal. Yeye anafuata mwinamo wa mgonjwa, ila kwa mipaka: paja na muundi kila mmoja usipotoke zaidi ya nyuzi 5 kutoka mraba, na mguu mzima usipotoke zaidi ya nyuzi 3 kutoka kwenye uzi. Aliye ndani ya mipaka anarudishiwa mguu wake kama ulivyo. Aliye nje anasogezwa mpaka ukingoni tu, haburuzwi hadi katikati. Watu wanaopenda usafi wa nadharia wanasema huo ni uoga. Kwangu ni utu uzima.

Ipo pia mbinu ya kiutendaji, ambayo inaanza kwa kupima kano zenyewe goti likiwa limenyoshwa na likiwa limekunjwa, kisha inapeleka chuma mahali ambapo kano zitakuwa na mkazo sawa bila kukatwa. Hiyo inahitaji kompyuta au roboti, kwa sababu jicho haliwezi kusoma tofauti ya nyuzi 1.

Na hapa niseme jambo linalonikera. Dar ya sasa mtu ana goti bovu, ana simu yenye bando, anaangalia video, anakuja ananiambia, "Dokta, mie nataka la roboti." (Mimi si dokta, lakini hilo nimeacha kubishana nalo.) Namuuliza: roboti ilenge wapi? Ananiangalia. Roboti ni mkono. Kompyuta ni jicho. Tangu Januari 1997, goti la kwanza lilipowekwa kwa kuongozwa na kompyuta kule Grenoble, Ufaransa, mashine zimethibitisha kwamba zinagonga shabaha vizuri kuliko fimbo ya chuma na macho, magoti yanayopotoka mbali yamepungua. Lakini shabaha anaiweka mtu. Roboti iliyoambiwa inyooshe mguu wa mama wa vitenge hadi nyuzi sifuri itaunyoosha hadi sifuri, kwa ustadi mkubwa, na mama atabaki na swali lake. Daktari mwenye kalipa mfukoni aliyejiuliza mama huyu alikuwaje akiwa na miaka 25, ana nafasi nzuri zaidi ya kumridhisha.

Kujua alikuwaje, hiyo nayo ni kazi. Samuel MacDessi wa Sydney na wenzake walitoa mwaka 2021 mfumo unaogawa magoti katika makundi 9 kwa vipimo viwili vya mfupa: mguu unaegemea wapi, na uso wa kiungo umeinama kiasi gani. Uzuri wake ni kwamba hesabu inafanywa kwa pembe za mfupa wenyewe, kwa hiyo hata goti likiwa limesagika unaweza kukadiria lilivyokuwa. Inahitaji picha ndefu. Nairudia, picha ndefu. Wagonjwa wanakuja na bahasha nene ya picha za miaka minne, zote za goti peke yake, na zote wamepigwa wamelala.

Huku kwetu kuna ugumu ambao tafiti za Ubelgiji na California haziugusi sana. Watu wanachelewa. Mtu anaanza na dawa ya kuchua, anakwenda kwa sindano, anaambiwa ute umekauka, anakunywa supu ya kongoro, mwaka unapita, miwili, mitano. Anapofika kwa bingwa tege limefika nyuzi 20. Katika hizo 20, labda 4 ni za kuzaliwa. Zilizobaki ni mfupa wa ndani uliosagika ukabomoka na kano ya nje iliyovutika. Kumrudishia tege lote eti ndiyo asili yake ni upuuzi, na hakuna kambi inayosema hivyo. Kwa goti la namna hiyo kano hazisemi kweli tena, kalipa inakosa upande mzima wa kulinganishia, na mipaka ya mbinu ya zamani inakuwa msaada mkubwa.

Njia yangu ya kienyeji ni kuwatazama ndugu. Nikimwona mtoto wa kiume anamsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, naangalia miguu ya kijana kabla sijaangalia faili. Picha za harusi hazisaidii, gauni limefika chini. Wanaume walau wana picha za timu ya mpira na kaptula. Mzee mmoja aliyecheza winga enzi zake alileta picha nyeusi na nyeupe, timu nzima imepiga goti isipokuwa yeye kasimama pembeni, na tege linaonekana waziwazi. Daktari wake aliicheka, kisha akaiweka kwenye faili.

Halafu wapo waliokulia karibu na Mlima Meru, ambako maji ya maeneo kadhaa yana floridi nyingi, ikawapinda mifupa wakiwa wadogo. Wao pindo haliko kwenye goti, liko katikati ya mfupa. Fimbo ya kupenyeza haipiti sawa, ikipita inadanganya. Kwa watu hao nitaitetea kompyuta bila kusita, maana inapima nyonga na kifundo moja kwa moja bila kuingiza fimbo mfupani.

Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu nyuzi za tege. Ni sala. "Nitasujudu?" Au kwa wa makanisani, "Nitapiga goti?" Na kwa wote, choo cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa kunataka goti likunje kupita nyuzi 130 kwa wengi, na goti bandia kwa kawaida linaishia pungufu ya hapo, liwe limewekwa kwa mbinu yoyote. Kinachotabiri vizuri zaidi utakunja kiasi gani baadaye ni ulikuwa unakunja kiasi gani kabla. Kupiga goti ni jambo jingine, wengine wanaweza juu ya mto, lakini ngozi ya mbele inabaki na ganzi na wengi hawapendi. Wengi wa wagonjwa wangu Waislamu wanasali kwenye kiti, na masheikh niliowahi kuwasikia wakiulizwa hawakuona tabu. Nalitaja hili kwa sababu mtu akiahidiwa mpangilio mpya, anadhani ameahidiwa msala.

Kwa hiyo unapokwenda kumwona bingwa, iwe pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, au kwingine, mpe salamu, kaa, kisha muulize mambo yanayopimika. Picha ndefu ya kusimama ipo? Tege langu la kuzaliwa unakadiria ni nyuzi ngapi, na utaniachia ngapi? Kano utazilegeza? Daktari anayeijua kazi yake hakasiriki kwa maswali hayo. Anaweza kukujibu, "Mama, wewe nitakunyoosha karibu na katikati kwa sababu mfupa wako umeliwa sana," na hilo ni jibu zuri kabisa.

Baada ya upasuaji omba jambo moja zaidi, ambalo karibu hakuna anayeliomba. Boksi la goti bandia linakuja na stika zenye jina la kifaa, saizi na namba ya toleo, zinabandikwa kwenye faili lako. Sweden wana daftari la kitaifa la magoti bandia tangu 1975, Australia walianza 1999. Ukilegea goti kule, mtu anafungua kompyuta anaona lililowekwa. Wewe faili lako linaweza kuhama, likalowa, likapotea kati ya jengo moja na jingine. Siku ya kutoka wodini mwambie nesi akufungulie ukurasa wenye stika na maelezo ya upasuaji, upige picha kwa simu, kisha umtumie mwanao WhatsApp. Goti la pili likifika zamu yake, daktari atajua la kwanza lilikatwaje.